Uzi: Mzazi kumtembelea mtoto aliyeajiriwa Wete na kuizunguka Pemba kwa miguu

#1 Tarishi

Assalaam alaykum wanajukwaa. Naleta suali linalowahusu wazazi wengi wa Unguja na bara. Mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye afya na miguu mizima, anakwenda kukaa siku 8 kwa mwanawe aliyeajiriwa Wete. Mtoto yuko ofisini tangu saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30. Mzee hataki kushinda barazani akihesabu saa. Anataka kuijua Pemba kwa miguu yake, na hajapata kufika. Aanze wapi, avae nini, achunge nini? Naomba majibu ya wanaoijua ardhi. Picha za ufukweni tunazo.

#2 Mpapindi

Waalaykum salaam. La kwanza ni kusahau hisabu ya kilomita. Anayetoka Unguja amezoea ardhi tambarare, na Pemba ni vilima na mabonde tangu Mkoani hadi Konde. Unashuka bonde la mpunga, unapanda mlima wa mikarafuu, unashuka tena. Kilomita 6 za hapa zinachosha kuliko 10 za Mwera kule Unguja.

Pangeni kwa saa. Mtu wa umri huo kwenye lami atakwenda kilomita 4 kwa saa. Kwenye njia ya udongo mwekundu yenye milima, 3. Kwenye tope la mikokoni hafiki 2. Baada ya mvua punguzeni tena, kwa sababu ule udongo hujaa kwenye meno ya kiatu na soli ikawa laini kama sahani. Hapo watu huteleza wakishuka, si wakipanda. Dawa yake ni kukwangua soli kwa kijiti kila baada ya mwendo mfupi na kutembea pembeni penye majani, sio kwenye mfereji uliochimbwa na magurudumu.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, siishauri kabisa kwa njia za shamba. Vuli mvua hukatika na kuanza, basi mtu anaweza kupata asubuhi nzuri. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba, upepo wa kusi, hewa baridi. Januari na Februari pia pakavu, ila joto ni kali na lazima mtu awe amerudi kivulini kabla ya saa 5.

#3 BiMakonyo

Mpapindi ameanza na njia, mimi naanza na nyumba, kwa sababu matembezi mengi huharibikia huko.

Mtoto aliyekwisha kuwa na nyumba yake ana ratiba yake. Mzazi aseme tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka kabla ya kukata tiketi, tena aseme zote mbili kwa pamoja. "Nitakuja nikae kidogo" inamtesa mwenyeji. Kama ni binti aliyeolewa, taarifa ipite kwa binti ifike kwa mume mapema, ili mkwe apange chumba bila kushtukizwa. Vyumba vya watumishi waliopanga mara nyingi ni viwili tu.

Pili, sheha, yaani kiongozi wa shehia, kama mwenyekiti wa mtaa kule bara. Mgeni anayelala kwenye shehia anatakiwa ajulikane kwa sheha. Mtoto ampeleke mzazi siku ya kwanza, na kitambulisho mkononi. Ni utaratibu, lakini kwa mtembeaji kuna faida kubwa zaidi: sheha akishamjua, mzee akionekana peke yake kwenye njia ya shamba na mfuko mgongoni, watu wanajua ni mgeni wa nani. Hakuna atakayemtilia shaka na hakuna atakayemwacha apotee.

Tatu, kila asubuhi kabla ya mtoto kutoka, wakubaliane mambo matatu: njia ipi, gari ipi ya kurudia, na saa ngapi mtoto aanze kupiga simu kama mzazi hajarudi. Saa hiyo iwe ya kweli. Mimi ningeiweka saa 10 jioni, kwa sababu mtoto ameshatoka kazini na bado kuna mwanga wa saa mbili wa kumtafutia mtu.

Na siku ya kwanza asitembee popote. Boti inatosha. Aangalie tiketi ishuke bandari gani. Ikiwa ni Mkoani, hiyo iko kusini na Wete iko kaskazini ya kisiwa: gari ya abiria ya njia 603 hadi Chake Chake (Chake kwa mkato), halafu ya njia 606 hadi Wete. Na mizigo, hiyo ni nusu siku nzima.

#4 Bamvua

Nyote mmesahau bahari. Nusu ya matembezi mazuri ya Pemba yako ukingoni mwa maji, na maji hayamsubiri mtu. Nieleze kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo penye hatari ya kweli kwa mgeni.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana jadweli. Siku mwezi unapoandama, na siku ya 15, maji huku kwetu huwa yamekupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 na nusu asubuhi, na yamejaa kabisa kati ya saa 10 na saa 11 na nusu jioni. Hapo ni bamvua: yanatoka mbali na yanarudi juu sana. Siku ya 8 na ya 22 mambo yamegeuka: asubuhi ya saa 4 au 5 maji yamejaa, jioni yamekupwa, lakini ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku za katikati ongeza dakika 50 kwa kila siku. Tarehe ya mwandamo ikitofautiana kwa siku moja, hisabu yako itakosea kwa dakika hizo hizo 50, basi siku zote muulize mvuvi wa pale kabla hujashuka.

Sasa hatari. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Gawa maji yote mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa huingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua kubwa tofauti hufikia karibu mita 4. Maana yake saa ya tatu peke yake maji hupanda kama mita nzima. Mtu anayeokota kombe kwa raha akiona maji yametulia saa nzima, hudhani bado ana muda; dakika chache baadaye lile hori (mkono wa bahari) alilolivuka na maji ya kifundo limekuwa la kiunoni na linavuta. Kanuni: maji yakishagusa mwisho wa kupwa, una saa moja na nusu, na ndani ya muda huo uwe upande wa nyumbani wa kila hori ulilovuka.

Vitongoji, mashariki ya Chake, ni mfano mzuri. Pana vifukwe vidogo vilivyotenganishwa na mawe. Maji yakipwa unazunguka kutoka kimoja hadi kingine kwa mguu. Yakijaa vingine humezwa mpaka ukutani na huna pa kupitia. Siku ya 8 ya mwezi mwandamo, asubuhi, usiende huko kabisa.

#5 Tarishi

Hii ya mafungu 12 inafaa ibandikwe mlangoni. Ombi: Mpapindi, toa njia zenyewe, kwa mpangilio wa mtu anayelala Wete. Na viatu.

#6 Mpapindi

Viatu kwanza, kwani wiki tatu kabla ya safari ndipo kazi inapoanza. Raba zenye meno ya kina, zilizokwisha kuvaliwa, zisizo mpya. Zinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zile zile za kutembelea. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Wiki ya kwanza atembee dakika 30 mara nne, ya pili dakika 45, ya tatu saa moja na robo, na angalau mara mbili apande na kushuka ngazi. Anayekaa mtaa tambarare akikosa ngazi hizo, magoti yatamwambia siku ya pili Pemba.

Kucha zikatwe fupi, siku tatu kabla ili zisiwe kali. Mteremko husukuma vidole mbele, na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Kamba ya kiatu ipite mpaka tundu la juu kabisa ili kisigino kikae. Na fimbo: urefu unaofanya kiwiko kipinde pembe mraba ukisimama. Kwenye mteremko ishikwe juu kabisa kichwani mwake, itangulie mguu. Fimbo moja nzuri ni msaada mkubwa kwa magoti ya mzee, asione haya kuichukua.

Sasa njia.

Siku ya pili iwe ya mji: Wete yenyewe, kushuka bandarini, kurudi kupitia sokoni. Saa moja na nusu. Lengo ni kupima miguu na kujua gari zinasimama wapi.

Siku ya tatu, Chake. 606 asubuhi, afike kwenye ngome kongwe penye makumbusho, aipitie kwa utulivu. Kutoka mjini anaweza kwenda Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, ambako vile vijiti vya karafuu hukamuliwa mafuta. Harufu itamwongoza kabla ya kibao.

Siku ya nne apumzike au aende Kidike jioni na mtoto wake, baada ya kazi. Hapo wanalala popo wa Pemba, wakubwa, wenye manyoya mekundu shingoni, ambao duniani hawapatikani kwengine. Mchana wananing'inia, wanaanza kuruka kutafuta matunda jua likizama. Aende saa 11 hivi, akae kimya. Kupiga makofi ili waruke kwa ajili ya picha ni dhulma; wakishtuliwa mchana wanapoteza nguvu, na mama aliyebeba mtoto anaweza kumwangusha. Gari ya kurudi ipangwe kabla, kwa sababu itakuwa Magharibi.

Siku ya sita, msitu wa Ngezi. Hii ndiyo siku kubwa. Achukue gari ya njia 24 toka Wete hadi Konde mapema, saa 12:30 ikiwezekana. Kutoka Konde hadi lango la msitu ni kama kilomita 5, njia nzuri ya kutembea asubuhi. Langoni analipa, mwenyeji na Mtanzania kiwango chake ni tofauti na cha mgeni wa nje, basi kitambulisho kisiachwe nyumbani. Achukue muongozaji. Msitu una kama hekta 1,440, ni baki la msitu ulioifunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu, na bila mtu wa kukuonesha utapita chini ya mpapindi, mti wa jamii ya mitende, bila kujua kuwa ni wa Pemba tu, na utamsikia ninga, yule njiwa wa kijani, bila kumuona. Suruali iingizwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Ukiona mstari mweusi unavuka njia usisimame kuutazama, vuka kwa hatua ndefu na uendelee.

Baada ya msitu, ufukwe wa Vumawimbi, kama maji yanaruhusu. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha, ule wa chuma wa mwaka 1900, usiingizwe kwenye siku hiyo hiyo kwa miguu. Toka Konde kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 25. Achukue pikipiki kwa kipande cha mwisho au aache.

#7 Ukutani

Mimi naona mnamchukulia mzee kama yai. Barabara ya Chake hadi Wete inayopita upande wa Kidike ni kama kilomita 30. Ina kivuli, ina vijiji kila hatua, na hakuna njia bora ya kuijua Pemba. Agawe siku mbili, kilomita 15 kwa siku, alale kwa jamaa katikati. Na Pujini je? Mmeiruka.

#8 Mpapindi

Ukutani, kivuli ni kweli na vijiji ni kweli. Lakini ile ni barabara ya gari, ina kona nyingi zisizoonana na upande wa kutembelea ni mwembamba. Dereva anayeshuka mlima hamuoni mtu mpaka amemfikia. Kilomita 15 za kujibana ukingoni ni mateso. Ningesema achague vipande: ashuke gari kijiji kimoja, atembee saa moja na nusu kwa njia za ndani, atokee barabarani mbele na kudaka gari. Akitembea barabarani, awe upande wa kulia, aikabili gari inayokuja, na avae nguo nyeupe au ya njano.

Pujini una haki. Ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, iko kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake. Aende kwa gari, arudi kwa miguu mpaka anapochoka. Aangalie kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Wenyeji wanasimulia kuwa mtawala alikuwa na wake wawili wasiotaka kuonana, mmoja akishuka ngazi kuteka, mwengine akitumia kamba na ndoo. Majani hukua haraka pale, avae kiatu cha kufunika, atazame anapokanyaga, kwani mawe yale ndiyo nyumba za tandu na nyoka.

#9 BiMakonyo

Njia za ndani zina adabu zake, na mgeni anayezijua hupewa njia, maji na muhogo wa kuchemsha bila kuomba.

Salamu kwanza, kwa kila mtu, hata aliye mbali shambani. Kukata kiwanja cha nyumba ya mtu bila hodi hakufai, hata kama ndiyo njia ya mkato. Mwanamme suruali ndefu, mwanamke nguo ndefu na mtandio, mpaka pwani. Mama akibeba kanga mbili ana mtandio, shuka la kukalia, msala na kitambaa cha kujifutia. Uzito wake ni mdogo.

Mabonde ya mpunga: yale matuta kati ya majaruba ndiyo njia, lakini ni ya mtu mmoja mmoja. Yakiwa yamelowa usiyakanyage ukingoni. Tuta likibomoka maji ya jaruba yanatoka usiku kucha, na mwenye shamba atakuta mpunga umekauka. Likikuvunjikia, zuia kwa tope hapo hapo na umwambie mtu wa karibu.

Msimu wa karafuu, majamvi hutandazwa mpaka kando ya barabara. Usiruke juu yake, usipite na viatu, zunguka. Na usinunue karafuu kavu mkononi mwa mtu ili upeleke zawadi. Mkulima anatakiwa auze kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na mzigo wa karafuu usio na karatasi bandarini utakuletea maswali usiyoyaweza kuyajibu. Zawadi ya Pemba ichukuliwe dukani na risiti.

Ramadhani matembezi yafanyike mapema, kwa muda mfupi, na asile wala kunywa mbele za watu hata kama ana udhuru wa safari au maradhi. Ijumaa asipange njia ya kuvuka saa 6 hadi 8 mchana. Gari hupungua, na mwanamme anataka awe karibu na msikiti.

Chakula: chai na vitumbua au chapati vipo mjini asubuhi, lakini vijijini mchana usitegemee mkahawa. Boflo (mkate) nusu, mayai mawili ya kuchemsha, ndizi mbivu nne. Dafu njiani kama lipo. Mwenye sukari abebe chakula chake chote na peremende mfuko wa mbele, asisubiri kutetemeka.

#10 Bamvua

Maji ya kunywa: nusu lita kwa kila saa ya kutembea, na lita moja ya akiba ibaki nyumbani kwa kurudi. Kama hana pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Asizidishe chumvi akidhani ndiyo nguvu. Mwenye presha au sukari aulize daktari wake kabla ya kutumia mchanganyiko huo.

Lengelenge linaanza kama joto mahali pamoja. Hapo hapo asimame, avue, akaushe, apige plasta pana isiyo na mkunjo. Akisema "nitafika kwanza", atafika na kidonda. Soksi mbili za akiba, na mguu ukilowa maji ya bahari usuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuvaa tena, kwa sababu chumvi ikikauka ndani ya soksi husaga ngozi kama msasa.

Pwani asitembee pekupeku. Kuna chaza wakali juu ya mawe, miba myeusi kwenye mashimo ya matumbawe, na mikokoni ile mizizi ya mchu inayosimama kama misumari. Champali (kandambili) hazifai, tope huzivua. Viatu vya plastiki vya kufunga kamba nyuma ndivyo wavuvi wanavyovaa na vinatosha. Kwenye mchanga apite pale palipolowa na kukaza. Ufuo wenye mteremko huumiza nyonga ya upande mmoja. Akirudi kwa mstari ule ule pande mbili zinasawazika.

Upande wa Micheweni atakuta mashamba ya mwani maji yakitoka. Kamba zile ni riziki za akina mama. Asizikanyage, asishike vigingi kama pa kujishikia. Avuke kwa kuinua mguu juu ya kamba, au azunguke.

#11 Tarishi

Ahsanteni sana. Suali la mwisho. Siku yetu ya Ngezi inaangukia mwezi 18, yaani siku ya 18 ya mwezi mwandamo. Vumawimbi itafaa?

#12 Bamvua

Mwezi 18 ni siku tatu baada ya 15. Dakika 50 mara tatu ni saa mbili na nusu. Basi maji yatakupwa kabisa kati ya saa 6 na nusu na saa 8 mchana. Msitu hadi saa 5, afike Vumawimbi kama saa 6 na nusu, mchanga uko wazi. Saa 8 awe ameanza kurudi, hata kama maji bado yanaonekana mbali. Ila jua la saa hiyo halina huruma na ufukwe hauna kivuli kirefu: kofia, mwavuli, na nusu saa ya kukaa chini ya miti kabla ya kuanza njia. Kutoka hapo akodi pikipiki ya kumfikisha Konde, aagane na dereva wake tangu asubuhi na achukue namba yake ya simu. Baada ya Alasiri gari za shamba huadimika, na miguu ya mtu aliyetembea tangu saa 1 haifai kuchezewa bahati.

#13 BiMakonyo

Na siku ya saba asipangiwe kitu. Mtoto aombe ruhusa ya nusu siku kama inawezekana, watembee wawili mpaka bandarini Wete jioni, mwendo wa mzee, sio wa kijana.